Mfasiri wa Jumamosi

Hakuelewa lugha ya filamu hata moja kati ya zile alizotufasiria, na hilo hakulificha. "Mi sijui kile wanasema," alituambia kila Jumamosi kabla ya kuwasha mashine, akiwa amesimama kando ya televisheni na shati lake jeupe lililopigwa pasi. "Lakini naona vile wanaangaliana. Inatosha. Mukae vizuri." Halafu alivuta gunia kufunika dirisha, akakohoa mara moja, na kwa muda wa saa mbili hatukusikia sauti nyingine isipokuwa yake.

Buyenzi nzima, mtaa wetu wa Waswahili, ilimwita Mfasiri. Mke wake alikuwa Mama Mfasiri, nyumba yao ilikuwa kwa Mfasiri, na mimi hata leo sina jina jingine la kumpa. Banda lake la video lilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba, chenye mabenchi ya mbao na paa la bati lililotupika jua likiwa kali. Siku nyingine zote lilikuwa la wanaume, na zilikuwa filamu za karate na bunduki, kana kwamba bunduki za nje hazikuwatosha. Jumamosi saa nane mchana ilikuwa ya wanawake peke yao. Alichagua saa nane kwa sababu vita vilikuwa vimetuwekea saa ya kuwa ndani, na wengine walitoka mbali.

Mimi nilikaa avenyu mbili tu kutoka kwake. Aliyetoka mbali ni rafiki yangu Goreti, mtu wa Musaga, upande wa pili wa mji. Tulisoma darasa moja katika shule ya sekondari mjini, tulikuwa na miaka kumi na minane, na viatu vyangu vilikuwa vyake. Alikuwa mrefu, mcheshi, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, na Kiswahili chake kiliyumba kidogo kwa kuwa kwao waliongea Kirundi. Wakati ule mitaa ilikuwa imeanza kuwachambua watu wake kama mchele: huyu abaki, huyu aende. Buyenzi ilikuwa bado inaingilika, lakini si kwa kila mtu na si kila siku. Kwa hiyo kila Jumamosi Goreti alishuka basi sokoni, akanikuta pale kituoni namsubiri, tukaingia Buyenzi tumeshikana mikono. Mimi nilijulikana. Mtu aliyekuwa na mimi hakuulizwa neno.

Zilikuwapo filamu nyingi za Jumamosi, lakini sisi wanawake tulimchosha kwa kuomba moja tu, ile ya gari la buluu. Kaseti yake aliipata kwa mtu wa bandarini, karatasi ya jina imebanduka. Wengine walisema ni Kitaliano, wengine wakabisha. Ilikuwa habari ya wasichana wawili waliomaliza shule, wakachukua kigari cha buluu ambacho mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba, wakaenda kuitafuta bahari. Njiani wakampakia kijana mmoja fundi aliyebeba sanduku la zana, na kila msichana akampenda bila kumwambia mwenzake. Siku mbili, tatu, wanacheka, wanalala kwenye nyasi, wanaiba matunda. Halafu kwenye kituo kimoja cha mafuta msichana mmoja anashuka kununua maji, na yule wa pili anaondoa gari. Yule aliyeachwa anabaki amesimama na chupa mbili mikononi. Kijana naye hakai, anashuka mbele ya safari na sanduku lake. Mwishoni gari linafika baharini na mtu mmoja tu ndani yake.

Wale wasichana Mfasiri aliwaita Zaina na Mariya, ili kila upande wa chumba upate wake.

Alikuwa mtu wa dini. Alasiri ilipofika aliisimamisha kaseti mahali popote ilipokuwa, akaenda kutawadha, akasali uani, akarudi akaendelea. Msichana angeweza kubaki amenyanyua mguu mmoja hewani robo saa nzima, na sisi tukimngoja. Palipokuwa na mahali ambapo Zaina na yule fundi wanaogelea mtoni bila nguo, alihama kutoka kando ya televisheni akasimama mbele yake, mgongo kwa kioo, akatandaza shati lake kwa mikono miwili.

"Mufasiri, sogea," alisema mwanamke mmoja wa kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni. "Mi nina watoto sita. Unanificha nini?"

"Si we nakuficha," alijibu. "Namusitiri yeye. Mutoto ya watu ameachwa bila nguo, na nyinyi mumekaa munamuangalia."

Lakini mdomo wake haukusitiri kitu. Akiwa ameziba kioo hivyo, macho yake yakiangalia ukuta wa nyuma juu ya vichwa vyetu, alisema kwa sauti ya chini: "Sasa anamuambia: mikono yako inanuka oili na mi napenda. Anamuambia: jana usiku sikulala, nilikuwa nahesabu pumzi yako. Anamuambia: ukishuka kwenye hii gari, unishushe na mimi." Mama wa watoto sita alifunika uso kwa kitenge. Mimi nilikuwa sijawahi kuambiwa neno la namna hiyo na mtu, na naapa kwamba kama asingesimama mbele ya kioo, tungeona msichana na mvulana wanaoga tu.

Mama Mfasiri hakukanyaga bandani hata siku moja. Tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Hiyo sauti naisikia nyumbani bure."

Kulikuwa na mwanamke mwingine, muuza mboga, mtu wa Kayanza aliyekuja mjini kabla ya vita na asiweze kurudi. Mwanzo wa vita miti ilikatwa ikalazwa barabarani kote huko milimani, na hata ilipoondolewa njia haikuaminika. Yeye hakujali mapenzi ya mtu. Kila mara gari la buluu lilipopita kwenye barabara moja ndefu iliyonyooka, yenye mashamba huku na huku, alisema, "Mufasiri, nirudishie pale." Na Mfasiri, ambaye hakupenda kusumbuliwa, alirudisha. Barabara ilipita tena. Yule mama aliinama mbele, akaitazama mpaka mwisho wake.

"Hakuna muti hata moja chini," alisema.

"Hakuna, mama. Iko wazi."

"Na askari?"

"Hakuna askari."

Alirudi nyuma kwenye benchi akapumua. Mashine ile iliharibika kichwa kwa sababu ya barabara ile, na kijana fundi wa redio, Yusufu, alikuja mara nyingi kuisafisha. Nitamrudia Yusufu.

Kitu kimoja cha Mfasiri kilitushinda kukielewa. Kila Jumamosi alikifasiri kituo cha mafuta kwa namna nyingine. Picha ni ile ile, chupa ni zile zile mbili, lakini wiki hii Zaina aliondoa gari kwa sababu aliona polisi. Wiki ijayo Mariya mwenyewe alimwambia nenda, mi nitakuja na basi. Wiki nyingine breki zilikuwa zimekatika. Wanawake walibishana naye. "Mufasiri, juzi ulisema polisi." Alijibu kwamba juzi hakuangalia vizuri. Na Jumamosi moja, gari lilipoanza kuondoka, alisema tu, "Hapa sisemi," akatoka nje, akarudi tulipokuwa tumeshafika baharini.

Tulijua, kama watu wa mtaa mmoja wanavyojua mambo, kwamba zamani alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja, akipeleka chumvi na vitambaa juu mpaka Ngozi. Tulijua kwamba aliacha kazi hiyo siku za kwanza za vita. Na tuliona kwamba hapandi gari. Alikwenda Zone Industrielle, kwenye viwanda, kwa miguu kutafuta vipuri, alikwenda Musaga kwa miguu kwenye msiba, jua la saa saba kichwani, akipitwa na mabasi yanayompigia honi. Watu walisema ni ubahili. Hakuwakatalia.

Sasa Yusufu. Alikuwa na vidole virefu na tabia ya kusikiliza redio iliyokufa kama daktari anavyosikiliza kifua. Nilimpenda kwa mwaka mzima. Sikumwambia yeye, na Goreti pia sikumwambia, ingawa Goreti nilimwambia hata ndoto zangu. Nilidhani anajua. Siku moja ya wiki, shuleni, alinivuta nyuma ya darasa akatoa karatasi kwenye kitabu.

"Nisomee," alisema. "Ameandika Kiswahili ya vitabu. Mi sielewi nusu."

Ilikuwa barua ya Yusufu. Niliusoma mwandiko wake, ule ule wa kwenye risiti za redio ya baba yangu. Alimwita Goreti mwangaza wa macho yangu, na Goreti akauliza mwangaza ni nini, nikamwambia. Aliandika kwamba kila Jumamosi anasingizia mashine imeharibika ili apate sababu ya kusimama mlangoni. Niliisoma yote, neno kwa neno, na kila neno gumu nililifasiri sawasawa. Goreti alikuwa anacheka huku ameziba mdomo. Nilipomaliza alinikumbatia.

"Jumamosi nitamujibu," alisema. "Utanisaidia kusema?"

Nikasema ndiyo.

Jumamosi ile niliosha nywele. Nilizisuuza, nikazisuuza tena, nikakaa uani juani kuzikausha. Saa saba na nusu, saa ya kwenda kituoni, mama aliniuliza kama siendi kwa Mfasiri leo. Nikasema kichwa kinaniuma. Nilijua Goreti ameshashuka basi. Nilijua atasimama pale karibu na wauza viazi. Nilifikiri atangoja, atakasirika, atarudi kwao Musaga, na Yusufu atasimama mlangoni bure. Zaidi ya hapo sikufikiri, au nilifikiri nikajizuia. Mpaka leo sijapata uhakika.

Goreti hakurudi Musaga. Alingoja nusu saa, halafu akaja peke yake. Kwenye kona ya kuingilia Buyenzi, upande wa Asiatiki, mtaa wa Wahindi, vijana walikuwa wamefunga njia kwa meza na magurudumu. Sitasema walikuwa vijana wa nani. Kila upande ulikuwa na kona zake. Walimwomba kitambulisho, wakakisoma, wakamwambia akae chini.

Haya yaliyofuata niliambiwa na yule mama wa ndagala, aliyekuwa bandani na akamfuata Mfasiri mpaka konani. Alisema filamu ilikuwa imefika kwenye wizi wa matunda, mtoto mmoja akaja mbio kumwambia Mfasiri kwamba yule msichana mrefu wa Jumamosi amekamatwa konani. Mfasiri aliacha sentensi katikati akatoka, shati jeupe, ndara miguuni.

"Huyu mutoto yangu," aliwaambia wale vijana.

"Mutoto yako anaitwa Goreti?"

"Mama yake ndiye alimupa jina."

"We si Muislamu, mzee?"

"Mi ndiyo. Mama yake apana."

Walimwambia aondoke. Akakaa chini kando ya Goreti, kwenye vumbi, na suruali yake iliyopigwa pasi. Mmoja wao alikuwa ameshawahi kuja bandani siku za karate, akamwambia mzee usitafute taabu. Mfasiri akasema, "Sitafuti kitu. Nangoja mutoto yangu." Aliendelea kusema hivyo hivyo, bila kubadilisha neno, mpaka mwingine akampiga tayani kwa mpini wa panga. Alianguka, akaketi tena, akasema hivyo tena, maneno yakitoka pamoja na damu. Mama wa ndagala alisema vijana walichoka. Hawakuwa na huruma, alisema, walichoka tu, kama mtu anavyochoka mlango usiofunguka. Wakawaachia wote wawili. Mfasiri alimrudisha Goreti mpaka sokoni kwa miguu, ameshika taya lake kwa leso, akasimama naye mpaka basi la Musaga likaondoka.

Bandani, filamu iliendelea bila msemaji mpaka bahari ikaonekana. Hakuna mwanamke mwingine aliyetoka, na hakuna aliyezima.

Taya lile halikuunga vizuri. Wiki tano hakusema neno, na aliporudi kando ya televisheni, sauti ilikuwa nyingine: maneno yalitoka yamelowa, na kila penye s pakawa na mluzi. Tulizoea. Wanawake wageni waliocheka walinyamazishwa na wenyeji.

Mimi nilikaa mwezi na nusu bila kwenda. Nilipokwenda alikuwa anafagia banda. Alisimamisha ufagio.

"Siku ile ulikuwa mugonjwa," alisema. Hakuuliza, alisema, akanipa nafasi.

"Nilikuwa mgonjwa," nikasema.

"Pole." Akaendelea kufagia.

Goreti hakuja Buyenzi tena. Shule ilifungwa, mitaa ikafungwa, na Musaga ikawa mbali kama ng'ambo ya ziwa. Kwa mkono wa mwalimu mmoja alinitumia karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na neno moja la Kiswahili, limeandikwa vizuri bila kosa: Nilikungoja. Sikujibu. Yusufu alikwenda Kigoma mwaka uliofuata, na hatukumpata, si mimi wala Goreti.

Nasimulia haya kana kwamba yalikwisha haraka. Vita havikwisha haraka. Tulizeeka ndani yake. Nilipata kazi ya kuandika stakabadhi katika ghala moja Zone Industrielle, niliolewa, nilizaa, niliachika, na bado kila jioni tuliuliza kama njia ya kurudi nyumbani iko salama. Tulizikana bila kulia sana, kwa kuwa kesho kulikuwa na mwingine. Mfasiri aliendelea na Jumamosi zake mpaka kaseti ya gari la buluu ikafa kabisa, picha imekuwa mvua tupu. Alituwekea nyingine, lakini watu walikuwa wameanza kununua mashine zao. Banda likawa stoo ya mkaa ya Mama Mfasiri. Mfasiri mwenyewe alikaa mlangoni kwenye kiti, bado shati jeupe, akisikiliza watu wanaopita bila kuwasemea. Niliposimama kumwamkia tuliongea habari za afya. Jambo lile hatukuligusa kwa miaka.

Goreti nilimwona mara moja tu, mjini, karibu na posta, ameshika mtoto. Nilisikia ameolewa, anakaa mtaa wa Kinanira. Nilivuka barabara upande wa pili.

Halafu mwaka ule vita vilipokuwa vinachoka vyenyewe, na njia ya kwenda juu ikawa inafunguliwa saa tatu asubuhi askari wakishaikagua, nilikuwa nimesimama nje ya ghala nikingoja mzigo. Ikaja pikapu moja kuukuu, inakwenda polepole kama mtu anayejifunza. Ikasimama mbele yangu. Nyuma ya usukani alikuwa Mfasiri.

Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Nimeazima kwa fundi," alisema, na mluzi wake. "Nakwenda juu, Bukeye. Ni zaidi ya miaka kumi sijaendesha. Peke yangu siwezi. Panda."

"Mzee, niko kazini."

"Naona."

Alikaa hivyo, injini ikitetemeka. Nilimwambia mwenzangu wa ghalani aniangalizie mzigo, nikapanda. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu hakuwahi kuniomba kitu.

Tulipanda mlima wa kutoka mjini nyuma ya malori, na waendesha baiskeli walioshika mikia ya malori ili wavutwe juu wakitutazama kwa huruma, maana baadhi yao walikuwa wanatupita. Hakuongea mpaka tulipoona ziwa liko chini kabisa nyuma yetu. Halafu akaongea mfululizo, macho barabarani.

"Nilikuwa na rafiki, Matiyasi. Gari moja, miaka mingi. Mi naendesha, yeye anakaa na mizigo. Blanketi moja, sahani moja. Watu walituuliza kama tumeoana. Siku za kwanza za vita tulikuwa tunashuka kutoka Ngozi. Hapo Bukeye, karibu na kwao, tukakuta miti, na watu. Wakaniuliza mi ni nani. Nikasema mi Muswahili wa Buyenzi. Wakasema, pita. Wakamushusha yeye. Wakamuuliza, hakujibu. Aliniangalia mi. Alikuwa anangoja niseme neno moja, huyu ni ndugu yangu, huyu ni wa kwetu. We unanijua, mi maneno sikosi." Alibadilisha gia. "Mguu yangu ikakanyaga mafuta."

Nilitazama dirishani. Walikuwa wanauza karoti na kabichi kando ya njia, watoto wanazinyanyua juu magari yapite yazione.

"Mzee," nikasema, "mimi siku ile sikuwa mgonjwa."

"Najua. Mama yako alimuambia mke wangu uliosha nywele."

"Umejua miaka yote hii?"

"Miaka yote."

"Na hukuniambia kitu."

"Ningekuambia nini? Mi ni nani?"

Nyumba ya mama yake Matiyasi ilikuwa juu ya kilima, robo saa kwa miguu kutoka barabarani. Alikuwa mzee sana, ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba akichambua maharage. Mfasiri alimwamkia kwa Kirundi, akavua ndara, akasimama kama mwanafunzi. Yule mama aliacha kuchambua, akamtazama.

"Wewe ni wa lile gari," alisema.

"Ni mimi."

"Siku ile nilikuwa shambani, pale." Alionyesha kwa kidevu. Barabara yote ilionekana kutoka pale, kipande kwa kipande. "Nililitambua gari. Nikasema, mwanangu anafika. Nililiona linasimama. Nililiona linaondoka."

Mfasiri alifungua mdomo, na nikaona amejiandaa. Alikuwa na hotuba nzima, labda aliitunga tangu siku ile. Yule mama alinyanyua mkono wenye maharage.

"Usiniambie mengi. Nijibu moja tu. Aliogopa?"

Mimi nilimwombea adanganye. Mtu aliyetudanganya vizuri kila Jumamosi, na polisi wake na breki zake.

"Aliogopa, mama," alisema. "Na mimi niliogopa."

Mama yake Matiyasi aliinama juu ya ungo wake. Alichambua punje tatu, nne. Hakusema amemsamehe, wala hakumfukuza. Baada ya muda alimwita mjukuu wake alete maji ya kunywa, na tulipomaliza kunywa akatuonyesha migombani alipozikwa. Mfasiri alisimama pale akasoma dua yake. Mama alisimama nyuma yake akafanya ishara ya msalaba. Halafu akasema mvua itanyesha, twende kabla njia haijaharibika.

Kurudi, alishuka mlima kwa gia ndogo. Alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Mjini nilimwonyesha njia ya kurudi ghalani, lakini hakuishika. Alivuka mji wote kuelekea kusini.

"Mutoto yule wa Musaga, aliolewa wapi?" aliuliza.

"Kinanira."

"Nyumba unaijua?"

Niliijua. Nilikuwa nimeshauliza zamani, nikaishia kuuliza. "Mzee, si leo. Nimechoka."

"Mi pia nimechoka," alisema, akakata kona ya kupanda Kinanira.

Mbele ya lango alizima gari. Aliniambia yeye atabaki garini apumzike. Niligonga. Goreti alifungua mwenyewe, mikono imejaa povu la sabuni. Amenenepa kidogo, macho ni yale yale. Nilikuwa nimejifunza kitu kimoja asubuhi ile, kwa hiyo sikuanza na salamu ndefu.

"Nilikuwa nyumbani," nikasema. "Sikuumwa. Nilikuacha kusudi, kwa ajili ya Yusufu."

Alijifuta povu kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Yusufu," alisema. Alikuwa kama anatafuta sura yake asiipate. "Sikujua ulimupenda. Nilidhani ni kwa sababu ya vita. Nilidhani na we umeanza kutuchambua." Alikung'uta kitenge. "Hiyo ndiyo iliniuma."

Tuliongea pale uani, tumesimama, kwa muda ambao sikuupima. Si kila kitu kilisemwa, na kuna maneno aliyoniambia ambayo nilistahili na sitayaandika. Mwishowe aliuliza nimekuja na nini, nikamwambia nani yuko nje.

Tulitoka wote wawili. Mfasiri alikuwa amelala, paji la uso juu ya usukani, mdomo wazi upande ule wa taya bovu, pumzi ikitoka na mluzi, ufunguo ungali mkononi. Mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza. Nilitaka kumgusa bega, Goreti akanishika mkono.

"Umuache," alisema. "Umuache alale."

Akaenda kuleta kipande cha turubai, akakitundika juu ya dirisha lililokosa kioo ili mvua isimfikie. Halafu tukakaa chini ya ukingo wa lango, mimi na yeye, tukimngoja aamke.